Neno “queer”: tusi kwa mmoja, jina kwa mwingine

Katekisimu, namba 2358, inatutaka tuwapokee kwa heshima na huruma watu wanaovutwa na jinsia yao. Heshima huanzia mdomoni. Tuwaiteje?

Tuchukue neno la Kiingereza “queer”. Zamani lilimaanisha kitu cha ajabu, kisicho cha kawaida. Baadaye likawa tusi la kuwarushia watu hao. Mwaka 1990, jijini New York, wakati UKIMWI ukiwaua wengi wao, baadhi waliunda kikundi wakakiita Queer Nation. Hoja yao: tusi ukilivaa mwenyewe, adui hana tena cha kukutupia. (Hata “Mjesuiti” lilianza kama neno la dharau, kisha wenyewe wakalipokea.)

Leo vijana wengi wa Marekani na Uingereza hujiita hivyo bila shida, na vyuo vikuu vina masomo yenye jina hilo. Lakini mzee aliyepigwa barabarani huku akiitwa neno hilohilo bado hulisikia kama kofi, na hataki kuhesabiwa humo hata na wenzake. Wapo pia wanaolitumia wao kwa wao, lakini likitoka kinywani mwa mgeni, hata awe padre mwenye nia njema, linarudi kuwa tusi.