Mchoro wa Mtoto na Wino Mwekundu

Juma hili tuyaweke kando masuala ya ada na uhaba wa madawati, tuzungumzie somo ambalo wazazi wengi hatuliulizii mtoto arudipo na ripoti yake. Tunaulizia Hisabati, tunaulizia Kiingereza. Sanaa tunaihesabu kuwa ni kupoteza karatasi. Hata hivyo somo hili nalo lina nadharia zake, na mwalimu anayezifahamu huandaa kipindi tofauti kabisa na yule asiyezifahamu.

Kitazame kipindi tulichokizoea. Mwalimu huchora nyumba ubaoni: paa la pembetatu, mlango katikati, madirisha mawili. Watoto hunakili. Nusu saa ikipita, madaftari sitini yana nyumba moja. Aliyeikaribia ya mwalimu hupata vema. Aliyechora nyumba ya kwao, yenye uzio wa makuti na bibi aliye mrefu kupita mlango, hupata kosa kwa wino mwekundu. Nasi hujitetea kwa kusema samaki mkunje angali mbichi. Sawa, lakini tunamkunja aelekee wapi?

Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa aliyezaliwa Austria mwaka 1903 na baadaye kuhamia Marekani, alitoa mwaka 1947 kitabu kilichoeleza kwamba uchoraji wa mtoto hukua kwa hatua. Kati ya miaka 2 na 4 mtoto huparaza mistari tu. Kati ya 4 na 7 hutokea mtu wa kichwa na miguu. Kati ya 7 na 9 mtoto huwa na alama zake maalumu za mtu, mti na nyumba, na aghalabu huchora mstari chini ya karatasi kuwa ndiyo ardhi. Kuanzia miaka 9 hivi huanza kujali kama mchoro wake unafanana na kitu chenyewe. Umri huo ni makadirio, maana watoto hawakui kwa mkupuo.

Sasa mrudie yule bibi mrefu kupita mlango. Mtoto amempa ukubwa huo kwa kuwa ni mkubwa moyoni mwake. Mwingine huchora nyumba na kuonesha kitanda kilichomo ndani, kwa sababu anajua kitanda kipo, hata kama ukuta unakificha. Jean Piaget wa Uswisi, aliyefariki mwaka 1980 baada ya miaka mingi ya kuchunguza fikra za watoto, alifundisha kwamba mtoto ana namna yake ya kufikiri, na kwamba hujenga maarifa kwa kushughulika na vitu mwenyewe. Kumdai mtoto wa miaka 6 achore barabara inayosinyaa kadiri inavyokwenda mbali ni kuudai mche wa mwembe matunda.

Je, basi mwalimu aketi akiwatazama tu? La hasha. Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kisovieti aliyefariki mwaka 1934, alieleza kuwa yapo mambo ambayo mtoto huyaweza peke yake, na yapo ambayo huyaweza akisaidiwa. Kazi ya mwalimu iko katika nafasi iliyo baina ya hayo mawili. Watu wa pwani wanalifahamu jambo hili katika kusuka ukili. Mama huanzisha, humpa binti aendeleze, hukaza palipolegea, kisha humwachia. Hamsukii mkeka mzima, wala hamtupii miyaa na kuondoka.

Yuko pia B. F. Skinner wa Marekani, aliyetilia mkazo mazoezi ya hatua ndogondogo na tuzo. Nadharia yake inafaa kwa mazoea ya kazi, kama vile kushika mkasi, kuosha brashi na kufunika rangi. Lakini tahadhari inahitajika. Mwaka 1973 watafiti Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwaahidi hati ya tuzo watoto wa shule ya awali waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Baadaye, walipoachwa wachague shughuli, watoto hao walitumia kuchora takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Tuzo ilikuwa imeigeuza furaha kuwa kibarua.

Andalio la somo litakuwaje basi? Tuchukue Darasa la Pili, mada ni sokoni, kipindi dakika 30. Dakika 5 za kwanza ni maswali: Ulibeba nini? Kilikuwa kizito? Nani alisimama karibu nawe? Hapo mwili na kumbukumbu vinaamka. Dakika 15 watoto wanachora, na ubao unabaki mtupu. Mwalimu anapita, na kwa aliyekwama hamchorei, bali anamwuliza: mkono ulioshika kikapu ulikuwa wapi? Dakika 10 za mwisho kila mmoja anamsimulia jirani yake mchoro wake. Upimaji unauliza kama mtoto ameongeza jambo ambalo mchoro wake wa mwezi uliopita haukuwa nalo.

Utaniambia vifaa hakuna. Mkaa upo, udongo wa mfinyanzi upo, magazeti ya zamani yapo, hili unalosoma likiwemo. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora mjini Dar es Salaam juu ya vipande vya ubao kwa rangi ya mafuta ya kawaida, na mtindo wenye jina lake unalisha familia nyingi hadi leo.

Hatari iko pale kwenye miaka 9 na 10. Mtoto ameanza kujihukumu mwenyewe. Akikuta na wino mwekundu unamhukumu pia, hutamka maneno matatu: mimi sijui kuchora. Huiweka penseli chini, na wengi hawaiokoti tena. Hupoteza picha, na pamoja nayo ujasiri wa kutazama kitu kwa macho yake na kusema alichokiona.

Mzazi, mtoto akikuletea mchoro jioni ya leo, usimwulize hiki ni nini. Mwambie: hebu nisimulie. Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.