Gramu Mia Moja za Kisu cha Slasha

Katika mashamba ya mkonge ya Tanga, mkonge hupandwa safu mbili mbili na kati ya jozi na jozi huachwa njia pana. Majani yakishaota humo hupitishwa trekta lenye slasha: boma la chuma lililofungwa nyuma, na chini yake visu viwili vizito vinazunguka sambamba na ardhi. Visu hivyo vikiisha makali, wengi huvinoa kama panga, wakitafuta wembe. Slasha haitaki wembe.

Mkasi hulibana jani katikati ya mabapa mawili. Slasha haina bapa la pili. Hulipiga shina likiwa limesimama peke yake, na kinacholizuia lisilale tu ni uzito wake na ugumu wake. Kwa hiyo kisu lazima kifike kabla shina halijapata muda wa kuinama. Shafti ya trekta huzunguka mara 540 kwa dakika, kisha giaboksi huongeza kasi. Tuchukue slasha ya upana wa mita 1.5 ambayo visu vyake huzunguka mara 900 kwa dakika: ncha ya kisu hukimbia mita 70 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Makali membamba yakikutana na jiwe kwa mwendo huo humeguka palepale. Ndiyo maana vitabu vingi vya watengenezaji huagiza ukingo uachwe na unene wa milimita 1.5 hivi, na kisu kinolewe upande wa juu tu, kwa mlalo uleule kilichokuja nao.

Hatari kubwa zaidi imo kwenye uzito. Kisu cha kilo 5, katika slasha hiyo, huivuta bolti yake kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 2 na nusu. Mwenzake huvuta vivyo hivyo upande wa pili, na mivuto hiyo miwili hufutana. Sasa ondoa gramu 100 kwenye ncha ya kimoja. Itabaki nguvu ya uzito wa zaidi ya kilo 60 isiyo na mpinzani, ikizunguka mara 15 kila sekunde. Hiyo ndiyo inayoua beringi, kupasua sili za oili na kulegeza nati. Kwangu mimi, mizani ya dukani, ya kuhakikisha visu viwili vina uzito sawa, ni kifaa cha lazima zaidi kuliko grinda. Kisu kimoja kikipinda au kupasuka, badilisha vyote viwili.

Kabla ya kuingiza mkono chini, zima injini, chomoa ufunguo, tenganisha shafti, kisha egemeza slasha juu ya stendi imara au magogo. Haidroliki pekee isiaminiwe hata kidogo. Paipu ikipasuka, chuma chote hushuka. Nati za visu hukazwa kwa nguvu nyingi mno, hivyo zitahitaji spana ya boksi yenye mkono mrefu. Bolti ikishatoka, tazama tundu la kisu: likiwa limeliwa na kuwa na umbo la yai, kisu hicho hakifai tena.

Wakati wa kunoa, angalia rangi. Chuma kikipata joto la nyuzi 220 hivi hugeuka manjano ya majani makavu, halafu kahawia, zambarau, na karibu na nyuzi 300 huwa buluu. Rangi hiyo ni utando mwembamba wa oksidi unaonenepa kadiri joto linavyopanda. Buluu ikitokea, huenda ugumu aliouweka mtengenezaji umeshapungua, na makali hayatadumu. Saga kidogo kidogo, pumzisha kisu kipoe. Usichomelee ufa: joto la kuchomelea huharibu chuma kilichoimarishwa kwa joto na kuacha sehemu zinazovunjika kirahisi.

Wakati wa kurudisha, makali yatangulie kuelekea kinakozunguka kisu, na kisu kiweze kujikunja huru kwenye bolti yake, maana ndivyo kinavyonusurika kikigonga kisiki. Tumia nati mpya za kujifunga, na uzikaze kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni. Washa kwa mwendo mdogo, watu wakiwa mbali kabisa, kwa sababu jiwe linalorushwa na slasha linaweza kufika mita 90. Ukihisi mtetemo, zima upime visu upya. Baada ya saa chache za kazi, kaza nati tena.