Kujivua gamba: mjusi anafanyaje, na kwa nini?

Mwaka 2011 CCM walikutana hapa Dodoma wakatangaza "kujivua gamba". Tangu hapo, ukitaja gamba watu wanawaza siasa. Leo turudi kwa wenye magamba yao.

Ukipita kwenye miamba ya Dodoma asubuhi, utamkuta mjusi wa mawe akiota jua. Kisayansi anaitwa Agama dodomae. Ndiyo, kapewa jina la mji wetu. Siku nyingine utamkuta kafifia, vipande vyeupe vinaning'inia mgongoni kama rangi ya ukuta inayobanduka. Unaweza kudhani anaumwa. Haumwi.

Iko hivi. Tabaka la nje la ngozi yake ni seli zilizokufa, zimejaa keratini, protini ya jamii ile inayotengeneza kucha zako. Kitu kilichokufa hakikui, lakini mjusi anakua. Pia ngozi inachakaa kwa kusuguana na mawe, na wadudu wanyonya damu wanaing'ang'ania. Lazima aibadilishe.

Ila haanzi kwa kuvua. Kwanza ngozi mpya inajengwa chini ya ile ya zamani, tabaka kwa tabaka. Ikikamilika, majimaji yanaingia katikati na vimeng'enya vinalegeza kilichozishikanisha. Ndiyo maana rangi inafifia. Kisha anajisugua kwenye mawe, na ngozi inatoka vipande vipande, tofauti na nyoka ambaye kwa kawaida huiacha nzima kama soksi. Mijusi wengi wa ndani ya nyumba huila ngozi yao: protini haitupwi hivi hivi!

Shida ni ukavu, na kiangazi chetu unakijua. Kipande kikigoma kutoka kwenye kidole, kikakauka, kinabana kama uzi. Damu ikishindwa kupita, ncha ya kidole inaweza kufa na kukatika. Kwa mjusi wa ukutani hilo si dogo, maana vidole ndivyo vinavyomshikilia darini anapowinda mbu na nondo wako.

Kwa hiyo ukimkuta katikati ya kazi hiyo, usimuue, na waambie watoto wasimvute ngozi. Huenda ya chini haijakomaa, mtamjeruhi. Mwacheni amalize mwenyewe. Kanuni yake ni moja: gamba jipya kwanza, la zamani baadaye. Sijui kama mwaka 2011 kuna aliyemuuliza mjusi.