Huduma ya Kwanza kwa Jino Lililong'oka Mchezoni

Katika mechi za kandanda baina ya vyama, mchezaji huweza kupigwa kiwiko na jino la kudumu likang'oka zima. Jino hilo lisitupwe. Lishikwe upande wa kutafunia, wala si kwenye mzizi, kwani huko zimo nyuzi hai zilishikamanishazo na taya. Likichafuka, lisuuzwe kidogo kwa maziwa bila kusuguliwa, lirudishwe tunduni mwake, na majeruhi aume kitambaa safi. Isipowezekana, litiwe katika maziwa baridi yasiyoganda. Maji huziua nyuzi hizo. Majeruhi afikishwe kwa daktari wa meno kabla ya saa moja kupita. Jino la utoto halirudishwi. Aliyezimia asitiwe jino kinywani, hospitali kwanza. Yafaa kila chama kiwe na chupa ya maziwa uwanjani.