Fahamu: Je, Saa za Anga Zitoke Mwezini?

Tangu Julai 1969, Buzz Aldrin alipokanyaga Mwezi akiwa amevaa mkononi saa ya Omega Speedmaster, mafundi wa saa hawajachoka kuirudia hadithi hiyo. Hata wanaanga wenyewe, kabla ya mwaka kwisha, walitunukiwa saa hiyo kwa dhahabu.

Laiti mafundi hao wangeitazama dhahabu yenyewe! Chembe ambayo mchimbaji mdogo wa Geita huiokota kutoka kwenye zulia lililopitishiwa maji na mawe yaliyosagwa karashani, sawa na ile ya Bulyanhulu mkoani Shinyanga, ina umri kuushinda wa ardhi yetu, maana ilizaliwa angani; kwani Agosti 2017 wataalamu wa falaki walishuhudia nyota mbili za nyutroni zikigongana, wakaona katika mwanga wake dalili za kuzaliwa madini mazito, dhahabu ikiwamo. Tena setilaiti iliyosaidia kufumbua siri za nyota za jinsi hiyo ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru.

Kwa rai yangu, saa ya dhahabu ambayo mishale yake miwili imebeba nyota hizo, zikazungukana hata zikakutana adhuhuri, ina haki zaidi ya kuitwa saa ya anga kuliko nakala nyingine ya mwaka 1969.