Jokofu, gesi na ukaidi wa Lorentzen

Kwa Kiswahili tunasema jokofu, au friji, "hutia baridi". Kisayansi, hakuna baridi inayotiwa popote. Jokofu huondoa joto. Gesi iliyogandamizwa ikawa kiowevu hugeuka mvuke ndani ya mabomba, ikafyonza joto la chakula, kisha kompresa huigandamiza tena ili ilitoe joto hilo nje. Ndiyo maana mgongo wa friji huwa moto. Mtungi wa nyanya zetu nao uliondoa joto, ila kwa maji kupenya udongo na kugeuka mvuke, bila stima.

Swali ni: gesi gani? Mhandisi Gustav Lorentzen (1915-1995), profesa wa Trondheim, Norway, alilishikilia swali hilo hadi uzeeni. Zamani meli zilipoza nyama kwa kabonidayoksaidi. Kuanzia miaka ya 1930 gesi za viwandani, zikiwemo Freon, ziliisukuma kando. Baadaye ikabainika kwamba zinatoboa ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuzizuia. Viwanda vikakimbilia gesi nyingine, R-134a. Hii haidhuru ozoni, lakini kilo yake moja hupasha dunia joto, kwa miaka 100, kama takriban kilo 1,430 za kabonidayoksaidi!

Lorentzen alikataa katakata. Kwa nini tujaze angani kemikali ngeni ilhali amonia, propani na kabonidayoksaidi zipo tayari? Kikwazo kilikuwa kwamba kabonidayoksaidi ikipita nyuzi 31 haiwi kiowevu hata ukiigandamiza vipi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, akiwa amepita umri wa miaka 70, alibuni na wenzake njia ya kuiendesha juu ya kiwango hicho kwa kudhibiti shinikizo. Leo supamaketi nyingi za Ulaya hupoza vyakula kwa gesi hiyo.

Tusiige kikasuku, lakini. Joto la Mombasa au Garissa hupita nyuzi 31, na mtambo sahili wa kabonidayoksaidi hapo hula stima zaidi. Kwa friji ya nyumbani, isobutani, inayoandikwa R600a kwenye kibandiko cha nyuma, hufaa zaidi.

Na fundi akikwambia, "Mzee, hii imeisha gesi," muulize imevujia wapi. Gesi ya friji haiishi kama makaa. Ikipungua, imetoroka, azibe tundu kwanza ndipo aongeze nyingine.