'Screening' ni nini hasa? Swali la ayeeyo wa Waberi

Majuzi nilikuwa Waberi, mjini Garissa, nimeketi nje ya duka nikingoja chai ipoe, gari lenye kipaza sauti lilipopita. Kijana aliyekuwa ndani alitangaza kwa Kiswahili, kisha kwa Kisomali, kwamba kesho yake kungekuwa na "screening ya bure" kwa akina mama wote wa mtaa. Mwenye duka, mama wa makamo ya juu ambaye wadogo kwa wakubwa humwita ayeeyo, yaani nyanya, aliacha kupima sukari akasikiliza mpaka gari likapinda kona.

"Mwalimu," akaniambia, "hiyo screening ni ya nini tena? Si walimaliza?"

Nilimweleza kwamba ni ya saratani ya mlango wa kizazi, kwamba wauguzi watawaangalia akina mama mapema kabla ugonjwa haujajitokeza. Akatikisa kichwa. "Mimi screening nilifanyiwa zamani. Tuliulizwa baba ni nani, babu ni nani, ngamia tulinywesha kisima gani. Kadi yangu iko." Na kweli iko. Aliitoa ndani ya mfuko wa plastiki, imefifia, lakini rangi yake ya waridi bado inaonekana.

Nimelifikiria swali lake wiki nzima. Ayeeyo hakukosea Kiingereza. Alilielewa neno vizuri kuliko aliyeliweka kwenye tangazo.

Tuanze na neno lenyewe. Screen liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, na lilikuwa jina la kitu cha nyumbani tu: ubao au kitambaa kilichosimamishwa mbele ya moto ili joto lisimuunguze aliyekaa karibu. Kutoka hapo likapata maana ya chochote kinachokinga au kuficha, kama pazia linalotenganisha vitanda hospitalini. Halafu likawa jina la chekeche, wavu wa kutenga nafaka na uchafu, au makaa makubwa na vumbi lake. Sinema zilipokuja, kitambaa cheupe kilichopokea picha nacho kikaitwa hivyo hivyo, na leo tuna skrini za runinga na za simu. Tazama lilivyogeuka: neno lililoanza kwa kuficha sasa linaonyesha. Mwingereza aki-screen filamu anaionyesha kwa watu. Aki-screen dirisha analiziba watu wasione.

Tawi linalotuhusu ni lile la chekeche. Ukiweza kuchekecha nafaka, unaweza kuchekecha mizigo uwanja wa ndege, waombaji wa kazi, damu, na hatimaye watu. Kiingereza kimeridhika kutumia neno moja kwa yote hayo.

Wanaisimu huita hali hii polisemia: neno moja lenye maana kadhaa zinazohusiana, kama kichwa cha mtu, kichwa cha habari na kichwa cha garimoshi. Huitofautisha na homonimia, ambapo maneno tofauti yamegongana tu kwa umbo, mathalani kaa wa baharini, kaa la moto na kitenzi kaa. Hakuna lugha isiyo na polisemia, na Kiswahili hakina haki ya kumcheka mtu. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mbizi, na hakuna anayeumia.

Tena katika uwanja huu huu wa chekeche tuna neno ambalo mimi hulipenda sana: chunga. Mpishi huchunga unga ili makapi yabaki juu. Mfugaji huchunga ngamia. Na mtu akikuambia "chunga!" barabarani, ruka pembeni kwanza, maswali baadaye. Kamusi nyingi huutenga unga na mifugo kuwa vidahizo viwili, na pengine ni sawa. (Msidanganyike na chunguza, ambalo lina ukoo wake na chungua na chungulia.) Ila kwa sikio la msemaji wa kawaida, yote yamekaa jirani: kutenga, kutunza, kutahadhari. Ningemuuliza mtu wa Garissa, ambako soko la mifugo ni miongoni mwa makubwa zaidi Afrika Mashariki, ni chunga gani anayotaka kufanyiwa na serikali yake, sidhani angechagua ile ya unga.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Mtafsiri wa screening hawezi kukwepa kuchagua, kwa sababu Kiswahili kimezigawa kazi hizi kwa vitenzi mbalimbali, na kila kitenzi kinamweka mtendwa mahali pake. Ukisema pima, unazungumzia mwili au kiasi: tunapima presha, tunapima damu, mpimaji hupima shamba. Anayepimwa hana kosa, anatafutiwa jibu. Ukisema hakiki, unazungumzia ukweli wa jambo au wa hati. Karatasi ndiyo iko mashakani, mwenye karatasi bado ni mtu. Kagua hutazama mizigo, hesabu, gwaride. Chunguza liko katikati na ndiyo maana ni la hatari kidogo: daktari huchunguza na polisi huchunguza. Kisomali nacho kina tatizo hilo hilo, kwani baaritaan ni la hospitali na ni la askari pia.

Kisha kuna chuja. Ukichuja tui, lazima machicha yabaki. Kitenzi hiki kinajua tangu mwanzo kwamba kuna cha kutupwa. Kwa hiyo afisa anayeandika "zoezi la kuwachuja wakazi" ameshatoa hukumu kabla mkazi wa kwanza hajafika mezani.

Kwa kawaida tunasema muktadha ndio huamua maana ipi ya neno inakusudiwa. Hospitalini ni ya ugonjwa, uwanja wa ndege ni ya mizigo, hakuna wa kuchanganyikiwa. Hilo tunawafundisha wanafunzi, nami nimelifundisha miaka mingi. Lakini muktadha si mahali neno linaposemwa tu. Ni pamoja na yale ambayo neno hilo limewahi kumfanyia msikilizaji.

Nchini Kenya neno hili limefanya kazi nzito mapema. Wakati wa hali ya hatari ya miaka ya 1950, Wagikuyu, Waembu na Wameru walipitishwa kwenye screening ili serikali ya kikoloni iwatenge waliokula kiapo cha Mau Mau na wasiokula. Katika msako mkubwa wa Nairobi wa Aprili 1954, watu walipitishwa mbele ya wasaliti waliofunikwa magunia kichwani yenye matundu ya macho, wakisubiri gunia litikise kichwa. Wazee wa Kati waliwaita gakunia, na hadi leo jina hilo halichekeshi.

Novemba 1989 ikawa zamu ya ayeeyo. Serikali iliamuru kila Mkenya mwenye asili ya Kisomali aliyetimiza miaka 18 afike kuthibitisha uraia wake. Kitambulisho cha taifa hakikutosha. Walisimama mbele ya kamati, wakaulizwa ukoo na mahali, na waliopita wakapewa kadi ya waridi. Baadhi ya walioshindwa walifukuzwa nchini. Hakukuwa na neno la Kiswahili lililoshika. Watu walisema "skrining" tu, na neno likabaki hivyo, bila tafsiri. Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch ilipowakusanya maelfu Eastleigh na kuwapeleka uwanja wa Kasarani, lilirudi redioni lile lile, na wajukuu wakajifunza walichojua nyanya zao.

Mtu atasema: basi siku hizi wanasema vetting, si screening. Naam, na hili nalo lina historia yake. Vet ni ufupisho wa jina la daktari wa mifugo. Kum-vet mnyama kulikuwa kumpeleka akaangaliwe afya. Kwa wanadamu lilihamia baadaye, mwanzoni kwa utani. Magazeti yetu, hili likiwemo, yamelifasiri kwa msemo mzuri: kupigwa msasa. Msasa ni ule mti wenye majani ya kukwaruza ambayo mafundi walisugulia mbao, na leo ni karatasi ya dukani. Waziri mteule akipigwa msasa bungeni, picha inafaa kabisa: ameomba cheo, acha asuguliwe. Lakini kijana wa Waberi aliyemaliza Kidato cha Nne hakuomba cheo. Alitaka kitambulisho ambacho mwenzake wa Nyeri alikipata bila kukalishwa mbele ya kamati. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuondoa ukaguzi huo wa ziada kwa kaunti za mpakani. Tangazo lilisomwa kwa Kiingereza, na katika taarifa za Kiswahili nilizosikia, yaliyoondolewa yalikuwa "uchunguzi", "msako", "msasa" na "uhakiki", kutegemea kituo. Hivyo si vitu vinne sawa. Aliyeambiwa msako umeondolewa hajaambiwa kitu kuhusu kamati.

Maoni yangu ni kwamba katika tangazo la afya tuseme kupimwa, kwa karatasi tuseme kuhakiki, na chuja tuiache jikoni. Lugha sanifu inaweza kuafiki screening iwe "uchunguzi" kila mahali, na kwenye orodha za istilahi ndivyo ilivyo aghalabu. Kwa Nairobi sina ugomvi nayo. Kwa Garissa, nasema inawapunguza akina mama kwenye foleni ambayo ingewaokoa.

Jioni ile nilimfuata yule kijana wa kipaza sauti, nikamwomba aseme "kupimwa". Alikuwa na adabu. "Lakini mwalimu, kwa karatasi wameandika screening," akanionyesha. Hata hivyo asubuhi nilimsikia akipita: "Akina mama, kujeni mpimwe, ni bure!"

Ayeeyo alikuwa akifungua duka. Nikamwambia, umesikia, ni kupimwa tu.

"Nimesikia," akasema. "Na wakishanipima, kitambulisho wataitisha?"

Hilo sikuwa nimemuuliza kijana.